Mbwa Chini ya Shamba la Msiba

Nimefuga mbwa tangu ujana wangu, na sijawahi kuwaelewa watu wanaosema mbwa ni mbwa tu. Watu hao hao ng'ombe wanamjua kwa rangi, kwa pembe, na kwa nyanya yake aliyetolewa mahari mwaka wa njaa. Ukija kwenye mbwa, wanasema "mbwa", wamemaliza. Mimi hapa Karatu, miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, nilikuwa na mbegu mbili za mbwa, na nilizijua kizazi kwa kizazi kuliko nilivyowajua mashemeji zangu. Mke wangu alikuwa akilisema jambo hilo mbele ya mashemeji wenyewe.

Mbegu zote mbili zilitoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa na shamba la kahawa upande wa Oldeani. Baba yangu alikuwa akimtunzia mbwa. Mzungu alipofungasha virago kurudi kwao, matrekta yalipata mtu, viti vikapata mtu, hata beseni la kuogea lilipata mtu akaenda kunyweshea ndama. Mbwa hawakupata mtu. Baba akarudi nyumbani jioni ile na mbwa wanne wamefungwa kamba moja, na mama akamuuliza kama huo ndio mshahara.

Wawili walikuwa wafupi, weupe, wenye manyoya magumu kama burashi ya viatu. Hao kazi yao ilikuwa kuingia shimoni. Wawili walikuwa warefu, wembamba, mbavu zote unazihesabu hata wakiwa wameshiba, na hao kazi yao ilikuwa kukimbia. Mfupi anaingia chini, anamkuta mnyama mwisho wa shimo, anabweka bila kuondoka. Wewe unalaza sikio ardhini, unasikia sauti inatokea wapi, unachimba hapo hapo. Mnyama akichomoka kwa mlango mwingine, mrefu yupo anamngoja. Baba alikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, usichanganye mbegu. Ya pili, usirudi nyumbani bila mbwa uliyemwingiza shimoni, hata ukilala hapo.

Ile ya kwanza niliivunja mapema, kwa uzembe wa kutofunga banda. Nilijifariji kwamba nitapata mbwa mwenye mbio za mrefu na moyo wa mfupi. Walizaliwa sita wenye kiwiliwili cha mrefu na miguu ya mfupi, na moyo sijui ulitoka upande gani, maana hata kuku waliwafukuza. Majirani waliwachukua hivyo hivyo. Kwetu mtoto wa mbwa hatolewi bure, kwa kuwa mbwa wa bure hakai, humrudia mwenyewe. Anayemtaka lazima alete kuku. Nilipata kuku sita, na kwa mwaka mzima nilikuwa na nyumba sita ambazo sikupita mbele yake.

Baada ya aibu ile nikawa mkali. Nilichukua mzinga wa gogo uliochakaa, ambao nyuki walikuwa wameukataa, nikaufukia kwenye mteremko nyuma ya nyumba, midomo yote miwili wazi. Upande mmoja niliweka kipande cha ngozi ya nungunungu, upande wa pili nikawaleta watoto wafupi mmoja mmoja. Aliyeingia na kutokea upande wa pili na ngozi mdomoni, huyo wa kubaki. Aliyekaa mlangoni akilia, huyo wa kubadilishwa na kuku. Watu waliopita waliniona nimelala kifudifudi nikipiga makofi ndani ya mzinga, wakaenda kumpa pole mke wangu.

Adui yetu alikuwa huyo nungunungu. Nguruwe mwitu walitoka msituni Ngorongoro mara moja moja, wakafanya fujo, wakarudi zao. Nungunungu yeye ni mkazi. Anachimba kiazi kimoja kimoja, anang'ata kidogo, hakipendi, anakwenda kwenye kingine. Na nungunungu wote wa upande wetu walikuwa na makao makuu sehemu moja: kwenye mteremko juu ya nyumba ya jirani yangu, mzee mmoja ambaye alizaliwa akibisha.

Sisemi vibaya juu ya marehemu. Kila mtu alijua. Ukimwambia mzee yule mvua inakuja, anaanika mahindi. Alipinga kuhamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, na wenzake waliokubali kuhamia kijijini aliwapinga waliposema wamekosea kukubali. Na mbwa wangu mfupi alimpinga kuliko vyote.

"Mbwa anayeingia ardhini akatoka mzima ana mambo yake huko chini," aliniambia. "Asikanyage kwangu."

"Ako, huyu ni mbwa tu," nilimjibu kwa heshima, maana ndivyo tunavyowaita wazee kwa Kiiraqw.

"Wewe mwenyewe kila siku unatuambia si mbwa tu."

Hapo alinishika. Miaka mitatu nungunungu walikula viazi vya kitongoji kizima na kurudi kulala kwa mzee, na mimi nikiwatazama kutoka mpakani na mbwa wangu wakitetemeka kwa hamu.

Kisha mzee akaugua. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na katika wafupi alikuwa amebaki jike mmoja; dume aliumwa na nyoka akafa kabla hajampa mimba nyingine. Jike yule alikuwa na sikio moja la kahawia na alikuwa akilala juu ya miguu yangu. Mke wangu alikuwa akilala upande wa ukutani, kwa hiyo hakuwa na la kusema, ingawa alilisema. Ulikuwa mwaka wa foleni za sukari, na asubuhi moja mke wa yule mzee akaja kwangu, nikadhani anatafuta sukari.

"Mzee yuko kitandani wiki ya tatu," alisema. "Viazi vyangu vimebaki majani. Kesho njoo na huyo mbwa wako mfupi, mapema, kabla hajaamka."

"Akisikia je?"

"Akisikia atabisha. Sasa hivi hana nguvu ya kubisha. Njoo."

Nilikwenda. Ukungu wa msituni ulikuwa bado umekaa juu ya mbaazi. Nilikuwa na jembe, mbwa mfupi, na mrefu mmoja dume, mzuri wa sura, hodari kwa sungura. Mfupi alinusa mlango wa shimo mara moja akazama. Baada ya muda nikamsikia, mbali, chini, sauti kama mtu anayepiga debe ndani ya nyumba iliyofungwa. Nikalala, nikaweka sikio, nikasogea, nikaweka tena. Hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, kina cha kifua cha mtu. Nikasimama, nikatemea mate viganja, nikainua jembe.

Yowe likapigwa kutoka nyumbani kwa mzee. La kwanza, la pili, kisha wanawake wengi kwa pamoja. Mzee alikuwa amefariki.

Kwa mgeni lazima nieleze. Kwetu mtu akifa, jembe linalala. Tangu yowe mpaka maziko, hakuna anayepasua udongo katika ujirani ule, hata kama amebakiza mstari mmoja wa maharage na mvua imeshaanza. Udongo unaofunguliwa ni wa kaburi peke yake. Ukivunja, unatoa kondoo, na maneno utakayosikia baadaye ni mazito kuliko huyo kondoo. Sasa nifikirie mimi: niko juu ya shamba la marehemu, mahali alipokataza nisikanyage, jembe liko hewani, na mbwa wangu anabweka chini ya miguu yangu.

Nililishusha jembe polepole kama mtu anayelaza mtoto. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa tayari anashuka mteremko kwenda msibani, mtu mnene, mwenye kupumua kwa sauti, asiyepitwa na jambo.

"Hilo jembe vipi?" akauliza.

"Nalipeleka nyumbani."

"Nyumbani kwako ni kule."

"Ndiyo, nilikuwa nazunguka."

Akatazama shimo. Mbwa akabweka. Ikabidi nimweleze. Nilimweleza yote, isipokuwa sehemu ya mama kuniita, maana mjane wa dakika kumi hafanyiwi hivyo. Balozi alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mwite atoke."

Nilimwita. Nilimwita kwa mluzi, kwa kubembeleza, kwa matusi. Alibweka tu, na mlangoni pa shimo nikaona udongo mpya umeporomoka ndani. Alikuwa amezibiwa njia.

"Balozi, niruhusu nichimbe kidogo tu."

"Nivunje mwiko kwa ajili ya mbwa?"

"Basi kwa mikono, bila jembe."

"Udongo haujui hili ni jembe na huu ni mkono," alisema balozi. Kisha akanishika bega, maana hakuwa mtu mbaya. "Pole sana. Wakizika leo, jioni unachimba."

Hawakuzika leo. Mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa dereva wa lori Arusha, na mafuta yalikuwa hayapatikani. Habari ikaja kwamba atafika kesho mchana. Kesho mchana! Nilikaa pale msibani nikiwa mtu wa mawazo mengi. Nilijua mbwa anaweza kukaa chini siku moja. Siku mbili, sikujua. Nilijua pia kwamba akifa yeye, mbegu ile imekwisha, na kazi ya baba yangu ya miaka yote imeishia chini ya viazi vya jirani. Lakini sitadanganya: sikuwa nafikiria mbegu. Nilikuwa nafikiria yule mwenye sikio la kahawia, gizani, peke yake, anayeamini kwamba niko juu nachimba.

Kila baada ya muda nilipanda pale juu, nikalala kifudifudi, nikaweka sikio na kuziba lile lingine. Waombolezaji wakaniona. Wakaona mtu mzima amelala juu ya ardhi ya marehemu, ameshika udongo kwa mikono miwili, mabega yanamtetemeka. Habari ikazunguka haraka. Wazee wawili walikuja kuninyanyua, wakaniambia nijikaze, Mungu ametoa na Mungu ametwaa. "Kumbe walipendana," nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake. "Na sisi tulidhani wanagombana juu ya mbwa."

Mke wangu alikuja na kikombe cha chai ya kienyeji isiyo na sukari. Akainama, akaninong'oneza, "Baba yangu alipokufa hata kikohozi hukukohoa."

Yule mrefu alikuwa amelala mlangoni pa shimo, mikono imenyooshwa mbele, hataki kuondoka. Kwa hilo nilimheshimu. Ndiyo mara ya mwisho nilimheshimu.

Asubuhi ya pili sauti ilikuwa imepungua. Ilikuwa ikija mara moja, kisha kimya kirefu, kisha tena. Wazee walikaa mbele ya nyumba kupanga kaburi lichimbwe wapi, ili mtoto akifika wazike. Balozi alisema mlangoni pa zizi, mahali pa heshima kwa mwenye mifugo. Wote wakaguna kukubali. Nikaona hapa nisipofumbua mdomo nimekwisha.

"Wazee wangu," nikasema, "mimi naona pale juu mteremkoni. Udongo ni laini. Maji hayatuami. Mtu akilala pale anaona bonde lote mpaka Endabash."

Balozi akanigeukia taratibu. "Anaona kwa jicho lipi?"

"Nasema tu."

"Kwenye mashimo ya nungunungu?"

Katekista aliyekuja kuongoza sala akakohoa. Mambo yangu yalikuwa yameharibika kabisa, na nilishaanza kupiga hesabu ya kondoo yupi nitamtoa, maana nilikuwa nimeamua kuchimba liwalo na liwe. Ndipo mjane akatokea mlangoni, kanga imemfunika kichwa, wanawake wawili wamemshika huku na huku. Wote tukasimama.

"Mzee alisema alazwe pale juu," alisema.

"Lini, mama?" aliuliza balozi.

"Usiku wa kuamkia kufa kwake."

"Alisema kwa nini?"

Mjane alimtazama. "Mzee wangu alikuwa anaulizwa kwa nini?"

Wote walimfahamu. Kuchagua kulala kwenye mashimo ya nungunungu kwa sababu kila mtu mwenye akili angechagua zizini, huyo alikuwa ni yeye mtupu. Katekista alisema neno la marehemu ni neno la marehemu, na vijana wakatumwa kuleta masepetu.

Mimi ndiye niliyepima. Hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, na nikaweka kichwa cha kaburi upande wa mashariki kwa bahati tu. Mimi ndiye niliyepiga jembe la kwanza, na la pili, na la mia.

"Taratibu, ndugu," wakaniambia wenzangu. "Hatukimbizani naye."

Nilichimba mpaka wakaninyang'anya jembe, wakisema majonzi yataniua. Balozi, kwa kuwa kiongozi lazima aonyeshe mfano, akavua koti, akashuka mwenyewe na sepetu. Shimo lilikuwa limefika kifuani. Akachota mara tatu. Mara ya nne alipoikandamiza sepetu kwa mguu, ardhi ikamshuka chini ya kiatu, na kutoka penye kiatu kikatokea kichwa chekundu cha udongo, chenye jicho moja limefumba, kikapiga chafya.

Sijawahi kuona mtu mnene akitoka kaburini kwa kasi ile. Hakutumia mkono. Walioshika kamba ya kupimia waliitupa, katekista akasahau alikuwa kwenye ubeti gani wa wimbo, na mzee mmoja mwenye fimbo alikimbia akaiacha fimbo. Mimi nilirukia ndani. Nilimvuta kwa ngozi ya shingo kama alivyonifundisha baba, nikamkumbatia na udongo wake wote. Alikuwa na miiba saba puani na hakuwa na nguvu ya kutingisha mkia, lakini alinilamba kidevu mara moja. Nilikaa chini mle kaburini nikalia kwa sauti, na walioanza kurudi wakakimbia tena.

Nungunungu naye, kuona ukuta wa chumba chake umeanguka, akatoka kwa mlango wa mbele. Nikamwita yule mrefu: sasa ndiyo zamu yako! Mrefu akasimama, akamtazama nungunungu akifungua miiba yake yote kwa mshindo, akatafakari, akageuka. Walipita katikati ya waombolezaji, kwanza mbwa wangu wa mbio, nyuma yake nungunungu, na mpaka leo wapo watu kitongojini kwetu wanaosimulia kwamba nilifuga nungunungu wa kuwindia mbwa.

Watu walipokusanyika tena, balozi aliinama ukingoni, akatazama ndani, akatazama tundu jeusi ubavuni mwa kaburi.

"Kaburi hili lina mlango wa nyuma," alisema. "Mtu hazikwi penye mlango wa nyuma."

Tukachimba lingine, mlangoni pa zizi, jua likiwa kali na maneno yakiwa mengi. Nilichimba nusu yake peke yangu na sikulalamika. Mtoto wa marehemu alifika na lori lake tukiwa tunamalizia, na kwa heshima hakuna aliyemwambia kwamba baba yake alikuwa na makaburi mawili. Wakati wa maziko nilisimama nyuma, koti nimelifunga vifungo vyote, na ndani ya koti kuna kitu kinachopumua.

Baada ya maziko balozi alinivuta pembeni.

"Nataka kujua jambo moja. Ule udongo tuliufungua kwa ajili ya mtu au kwa ajili ya mbwa?"

"Balozi, mimi nilifuata neno la marehemu, kama wewe."

Alimtazama mjane aliyekuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake. Ilikuwa wazi kwamba ukimtafuta mkosaji, njia inaishia pale mkekani, na hakuna balozi anayemdai mjane kondoo siku ya maziko. Akapumua kwa sauti, akafuta viatu vyake kwenye nyasi, akaenda kula.

Wiki mbili baadaye, wageni wote wameshaondoka, nilimpelekea mama yule kibuyu cha maziwa. Nilimkuta nje akichambua maharage kwenye ungo. Tuliongea habari za viazi, ambavyo vilikuwa vimeanza kupona, na za mbwa, ambaye jicho lilikuwa limefunguka. Nilishindwa kuvumilia.

"Ayo," nikasema, kama tunavyomwita mama kwa Kiiraqw, "mzee alisema kweli alazwe pale juu?"

"Alisema mlangoni pa zizi. Alilisema tangu mwaka alionioa."

"Kumbe ulidanganya?"

"Nilidanganya." Alitoa kijiwe, akakitupa. "Nyumba yetu unaijua, imechimbwa mlimani. Ukuta wa nyuma ndio mlima wenyewe. Usiku ule niliketi na maiti, mgongo nimeuegemeza pale. Nje walikuwa wanaimba, hawakusikia kitu. Mimi nilimsikia mbwa wako usiku kucha. Anaita, ananyamaza, anaita. Nikamwambia mzee: wewe watu wako wote wamekuja. Huyu hajajiwa na mtu, na mimi ndiye niliyemwita. Mpe nafasi yako kidogo, halafu utapewa nyingine."

"Naye akasemaje?" niliuliza, sijui kwa nini, labda kwa kuwa alizungumza juu yake kama mtu aliyetoka kwenda kufunga ndama.

Mama aliacha kuchambua. Alitazama upande wa zizi.

"Miaka yote niliyokaa naye," alisema, "ndiyo mara ya kwanza hakubisha."